Mgeni Anayelipia Jembe

Mwezi wa saba Arusha kuna baridi. Naanza na hili kwa sababu ni jambo dogo, na yeyote mwenye ndugu kule anaweza kumpigia simu akamuuliza. Watu wanavaa makoti, watoto wanakwenda shule na masweta, na ukichelewa kwa mama ntilie asubuhi unakuta chai imekwisha. Tena ile ndege ya kutoka Amsterdam, ambayo kwa miaka mingi imewaleta wengi wa wageni ninaotaka kuwazungumzia, hutua KIA usiku. Usiku wa Julai, kwenye uwanda ule, upepo ukikukuta ngazini unatafuta zipu ya jaketi.

Sasa chukua simulizi lolote la kijana wa Ulaya au Marekani aliyekuja kujitolea kwenye hifadhi ya wanyama kaskazini mwa Tanzania. Usichague. Mlango wa ndege unafunguka, na joto la Afrika linampiga usoni. Halimkaribishi wala halimgusi. Linampiga. Baada ya hapo inakuja harufu ya udongo, halafu dereva mwenye bango na meno meupe, halafu Land Cruiser, halafu barabara ya vumbi na watoto wanaopunga mikono, halafu twiga wa kwanza, halafu machozi. Sura ya kwanza imekwisha.

Wanakuja Julai kwa sababu ndiyo likizo ya vyuo kwao. Kwa hiyo wengi wao walitua wakitetemeka, kisha wakakaa chini wakaandika joto. Sisemi wamedanganya kwa makusudi. Nasema joto lile walilisoma kabla hawajapanda ndege, na walipofika halikubaki pengo la kuhisi kitu kingine.

Haya nayajua kwa sababu nililipwa kuyajua. Kuna kipindi gazeti nililokuwa naliandikia lilikuwa linachelewesha malipo (wenzangu wa kazi hii hawahitaji maelezo), nikapata kibarua cha pembeni kwenye kambi moja inayopokea wageni wa kujitolea. Kambi yenyewe siitaji. Kazi yangu ilikuwa kuhariri shajara za wageni kabla hazijawekwa kwenye ukurasa wa kambi: kuzifupisha, kusahihisha majina ya mahali, kuhakikisha Ngorongoro haijaandikwa kwa tahajia tatu ndani ya aya moja. Nilifanya hivyo miezi minane. Shajara zilipita mia. Mgeni alikuwa analipa kama dola 2,000 kwa wiki mbili, nauli ya ndege haimo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumfikiria mgeni anayelipia jembe, akapigwa picha nalo, akalirudisha stoo, na kesho yake akalikodi mwingine. Nasema hivi bila kutia chumvi. Kulikuwa na mfereji mmoja pale kambini ambao ulichimbwa na makundi matatu mfululizo. Katikati ya kundi na kundi, vijana wa kijijini walikuwa wanakuja kuurekebisha kwa ujira wa kutwa ili kundi linalofuata lipate mahali pa kuanzia. Vijana hao hawamo kwenye shajara hata moja. Nilitafuta.

Na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo, ugomvi wa msomaji kabla haujawa wa raia. Ile sura ya kuwasili ni kipande cha fasihi chenye ukoo wake, na ukoo huo tunaujua. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walifanya kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo yenye milia kama pundamilia. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka, na kitabu na filamu yao vikaifanya Serengeti iwe jina la nyumbani Ujerumani. Filamu ikapata Oscar. Mwaka huohuo wa 1959 sheria ya kikoloni ilikamilisha kuwatoa Wamasai Serengeti na kuwahamishia Ngorongoro. Matukio hayo mawili yalikwenda sambamba, la kwanza likapata kitabu na la pili likapata jalada la serikali. Mwaka 1960 Joy Adamson akachapisha Born Free, habari za simba jike Elsa aliyelelewa na watu kule Kenya akarudishwa porini. Aliyekuwa akiwatunza watoto wale wa simba kila siku walipokuwa wadogo ni kijana aitwaye Nuru, na askari wa wanyamapori aliyefuatana nao porini ni Mturkana aitwaye Makedde. Kwa haki yake, Joy amewataja. Wamo kitabuni. Lakini wamo kama mikono: mikono inayobeba, inayoshika bunduki, inayomwita simba. Hatujui Makedde alifikiri nini siku ya kwanza alipoambiwa kazi yake sasa ni kutembea na simba asiyefungwa.

Kisha Gombe. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall aliteremka kwenye boti ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya msichana peke yake msituni. Hakuwa peke yake. Wakubwa wa kikoloni walikataa akae bila mwenzake, kwa hiyo alikuja na mama yake, Vanne, na alikuja na mpishi, Dominic. Mwenyewe hakuwahi kuficha hilo. Vitabu vyake vinasema. Wasomaji ndio wamewafuta, kwa sababu sura ya kuwasili haina kiti cha mpishi.

Nani aliona vita vya sokwe? Wapenzi wa vitabu vya Gombe wanavijua vile vita vya miaka minne, kundi moja likiwamaliza wenzao wa kundi lililojitenga, jambo ambalo liliwashtua wanasayansi waliodhani sokwe ni wapole kuliko sisi. Shambulio la kwanza, Januari 1974, ambapo dume aitwaye Godi alikamatwa na kupigwa hadi akaachwa taabani, lilishuhudiwa na Hilali Matama. Alikuwa msaidizi mwandamizi wa utafiti, Mtanzania, akiwa kazini kwenye mteremko. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Waliachiwa baadaye, lakini wageni wote wakaondolewa hifadhini. Na utafiti ukaendelea. Yaani ukaendelea! Kina Hilali, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na Yahaya Almasi waliamka asubuhi, wakachukua daftari, wakawafuata sokwe. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya vita vile kimetoka kwenye macho na kalamu zao.

Sasa niambie wewe mdau wa fasihi: mtu aliyeona mnyama akifanya kile ambacho dunia nzima ya elimu ilidhani hakifanyi, ameketi pale kimya, moyo unakwenda mbio, hawezi kupiga kelele, hawezi kuingilia, anaandika. Hiyo si riwaya? Hiyo si insha ya maisha? Nani alimfuata Hilali akamwambia, mzee, hebu keti, simulia kwa lugha yako, tangu ulipoamka siku ile? Mwanachuo wa miaka kumi na tisa aliyeona twiga kwa sekunde arobaini amepata nafasi ya kuandika maneno elfu mbili.

Najua jibu ninalosubiriwa kupewa. Nilipewa na rafiki yangu mmoja, mtu mwema, anaendesha kampuni ya utalii: "Wewe unawachukia wazungu, na hela yao unaila." Hela kweli nimeila, nimekwisha kusema. Lakini chuki siyo. Nitakupa mfano wa mgeni mmoja ambaye hadi leo namkumbuka kwa heshima, na ambaye mimi nilimfanyia ubaya.

Alikuwa mama wa makamo, mstaafu, Mjerumani. Alikaa wiki tatu. Kazi aliyopewa ilikuwa kuhesabu kinyesi cha tembo kwenye mistari iliyopimwa, kazi halali kabisa ya kisayansi, ndiyo njia mojawapo ya kukadiria idadi ya tembo mahali penye vichaka ambapo kuwaona wenyewe ni shida. Shajara yake haikuwa na joto usoni. Ilianza na uzito wa begi na aibu yake ya kuona linabebwa na mtu mfupi kuliko yeye. Aliandika kwamba siku ya kwanza hadi ya nne hakuweza kutofautisha kinyesi cha jana na cha wiki iliyopita, na kwamba askari aliyepangwa naye alikuwa anamsubiri kwa adabu ajibu, kisha anaandika jibu sahihi. Aliandika jina la askari huyo mara kumi na saba. Nilihesabu kwa sababu lilinishangaza. Silitaji hapa kwa kuwa mwenyewe hajaniruhusu. Aliandika alivyomuuliza mshahara wake, akaambiwa, akafanya hesabu usiku kwenye chandarua, akagundua kwamba ada yake ya wiki tatu ni zaidi ya mshahara wa mtu huyo wa mwaka mzima, na kwamba kazi yote waliyofanya wawili yule angeifanya peke yake kwa siku tisa. Aliandika: basi mimi hapa ni nini? Hakujijibu. Akaendelea na habari za kupe.

Nilimpelekea meneja nikamwambia hii ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kusoma. Akaisoma mbele yangu. Akasema, "Haina mnyama." Halafu akaniomba niipunguze ibaki ile aya ya jua kuzama. Ilikuwamo kweli aya moja ya jua kuzama, mistari minne. Nikaipunguza. Ikawekwa na picha ya tembo aliyepigwa na mtu mwingine, mwaka mwingine. Yule mama aliandika barua pepe fupi ya kuuliza mengine yamekwenda wapi, meneja akaniachia mimi nijibu, nikajibu kwamba ni suala la nafasi. Kwenye ukurasa wa intaneti. Nafasi!

Kwa hiyo ninaposema sura ya kuwasili ni uongo, nataka ieleweke kwamba wanaoitengeneza si wageni tu. Kuna watu wa hapahapa, wenye digrii, wanaokata kila kisichofanana nayo. Nilikuwa mmoja wao kwa shilingi laki nne kwa mwezi.

Sura hiyo inafanya kazi gani duniani? Inauza. Afrika Kusini imeuza hadi ikapitiliza: vijana wa kujitolea wamekuwa wakilipa kwenda kuwanyonyesha watoto wa simba kwa chupa, wanaambiwa ni yatima au mama zao wamewakataa, kumbe wamenyang'anywa mama zao wakiwa na siku chache ili wageni wapate wa kupakata na jike ashike mimba upesi. Wakikua, wengine huishia mbele ya bunduki ya mwindaji aliyelipia simba asiye na pa kukimbilia, na mifupa inauzwa Asia. Filamu ya Blood Lions iliyatoa haya hadharani mwaka 2015, na mwaka 2021 serikali ya nchi ile ilitangaza kwamba inataka kuufunga ufugaji huo. Simba waliofungiwa huko wanakadiriwa kuwa 8,000 au zaidi. Wale vijana wa chupa za maziwa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wasomaji. Walikuwa wamesoma kwamba ukifika Afrika kuna mnyama anakusubiri wewe.

Kwetu hatujafika huko, lakini tuna hesabu zetu. Pita vijiji vya Bunda vinavyopakana na Serengeti msimu wa mavuno. Watu wanalala mashambani na tochi na madebe, wanafukuza tembo. Asubuhi mahindi yamelala chini. Serikali ina utaratibu wake, na sikiliza majina yake: mazao yakiliwa unapewa kifuta jasho, mtu akiuawa familia inapewa kifuta machozi. Neno fidia limekwepwa kwa makusudi, maana fidia ni deni na kitambaa cha kufutia ni hisani. (Mtu aliyebuni maneno yale anajua Kiswahili kuliko wengi tunaojiita waandishi.) Kanuni za mwaka 2011 zilitaja shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Ada ya mgeni wangu ya wiki mbili ilikuwa karibu milioni tano. Fanya hesabu mwenyewe, mimi niliifanya mara moja na sitaki kuirudia.

Katika shajara zote mia na ushee, tembo wa mahindi alitajwa mara mbili. Mara zote mbili kama "changamoto", neno ambalo, nakiri, nililiweka mimi.

Geuza sasa safari yenyewe. Binamu yangu amesoma Mweka, chuo ambacho tangu 1963 kinafundisha watu kutunza wanyamapori. Alipomaliza aliomba kujitolea kwenye kambi mbili tofauti, bila malipo, apate uzoefu. Ya kwanza ikamwambia programu ni ya wageni wa kimataifa. Ya pili ikamtumia orodha ya bei. Akakaa. Baadaye akapata mwaliko wa hifadhi ya ndege huko Ulaya, miezi miwili ya kuhesabu korongo weupe, ndege ambao anawafahamu kwa sababu wanakuja kwetu kila mwaka wakikimbia baridi ya kwao. Chakula na malazi vinatolewa. Akajaza fomu, akapeleka taarifa ya benki ya miezi mitatu, barua ya mwaliko, bima, tiketi ya kurudi. Ubalozi ukamjibu kwa alama ya tiki kwenye kisanduku: wana shaka kama atarudi. Ada ya maombi hairudishwi.

Hakuandika sura ya kuwasili, kwa sababu hakuwasili. Na wala hakuandika sura ya kukataliwa, ingawa nimemwomba. Ananiambia, "Kaka, nani atasoma?" Swali lile linaniuma kuliko tiki ya ubalozi, kwa sababu hilo linatuhusu sisi.

Maana tusijifanye kwamba Kiswahili hakijui kufika ugenini. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alikwenda na bwana wa Kijerumani hadi Urusi na Siberia, akaandika safari yake kwa Kiswahili, na Carl Velten akaichapisha mwaka 1901 pamoja na safari nyingine za Waswahili. Kwamba mkusanyaji alikuwa Mjerumani wa zama za ukoloni, sawa, hilo nalo ni mjadala. Lakini Mswahili alifika kwenye theluji akaieleza kwa watu wake, kwa lugha yao, bila kumuomba mtu ruhusa ya kushangaa. Tangu hapo tumefanya nini na pori letu wenyewe? Tumemwachia sungura na fisi wa hadithi za darasa la tatu, na baada ya darasa la tatu tumeliachia vipeperushi. Riwaya zetu zinakwenda Dar, zinakwenda kijijini, zinakwenda kwa mganga, zinarudi Dar. Mhusika akipita Mikumi kwa basi, mwandishi anamlaza usingizi. Utasema hatuna hela ya kwenda hifadhini. Kiingilio cha Mtanzania si kikubwa hivyo, gari ndilo kubwa, nakubali. Lakini kumfuata askari mstaafu nyumbani kwake na simu yenye chaji inagharimu nauli ya daladala.

Ninaye mmoja wangu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na saba, na mimi mwandishi wa habari, mtu wa kuwahoji mawaziri, sikuwahi kumuuliza lolote zaidi ya afya yake. Nilikwenda mwezi uliopita. Nikamwambia, "Mjomba, nisimulie siku uliyofika Serengeti." Akacheka, akasema hakuna mtu amewahi kumuuliza hilo, watu huuliza simba.

Alifika mwaka 1981 akitokea Mahenge, juu ya lori la magunia ya chumvi, siku tatu njiani. Alifika usiku. Kulikuwa na baridi, alikuwa na shuka moja, na aliyempokea alizungumza Kikurya mwanzo hadi mwisho kwa kudhani mtu mweusi aliyekuja na lori lile lazima anakijua. Akapewa viatu namba saba, yeye anavaa namba tisa. Akavikata mbele kwa kisu usiku uleule, na kesho yake akasomewa shtaka la kuharibu mali ya serikali. Hapo alinyamaza kidogo, akaangalia miguu yake. Kisha akaniambia alivyolia, na kwamba hakulia kwa sababu ya shtaka, alilia kwa kuwa hakujua upande gani ni wa nyumbani, nchi ilikuwa tambarare mno, haina mlima wa kuelekezea.

Nikamuuliza mnyama wa kwanza kumwona ni yupi. Nilikuwa nimekaa vizuri, simu inarekodi, natarajia, nakiri, simba.

"Panya," akasema. "Alikula mkate wangu, mjomba, nilikuwa nimeuficha kwenye kofia."

Rekodi ina saa mbili na dakika arobaini. Nimefika dakika ya thelathini na moja kuinakili.